Muulize anavyomeza

Mpwapwa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Huku tu wazima, ingawa mvua imegoma na mtama umeanza kujikunja shambani.

Barua yako imenikosesha usingizi. Unasema majibu ya mdogo wako yametoka, virusi vya Ukimwi (VVU) vimepita 4,000 katika mililita moja ya damu, na nyumba nzima haielewani: wewe unaona dawa zimemshinda, mama anataka apelekwe kwenye maombi, mkewe amenyamaza tu.

Ngoja nikuambie tunavyoliangalia jambo hili sisi tunaokaa na wagonjwa kliniki. Kile kidonge kimoja cha kila siku chenye dolutegravir, kilichoanza kutolewa nchini mwaka 2019, virusi hupata shida sana kukizoea. Anayekimeza ipasavyo, virusi vyake hushuka ndani ya miezi michache tu. Ndiyo maana majibu yakipanda hatukimbilii kubadilisha dawa. Tunataka kwanza kujua mtu anaishije na kile kidonge.

Na hapo ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa sababu zinauliza, "Unameza dawa?" Atasema anameza, na wala hadanganyi. Swali ni anavyomeza. Mdogo wako ni kondakta wa basi la mikoani. Analala Singida leo, kesho yuko Mwanza, chumba kimoja na dereva. Kopo la dawa analiweka wapi? Nimewahi kushika kopo lililoshindiliwa pamba hadi mdomoni, mwenyewe akiogopa vidonge visilie ndani ya begi watu wakauliza. Wengine huvihamishia kwenye kipande cha nailoni na kuvitia mfukoni, na kwa joto hili la kwetu na jasho, haviwi tena vile walivyopewa. Wapo pia ambao wiki ya kliniki wanameza bila kukosa hata siku moja, halafu vilivyobaki wanavimwaga chooni ili hesabu itimie mbele ya nesi. Wanaogopa kufokewa, na kusema kweli kuna sehemu wanafokewa.

Muulize pia kuhusu kula. Kama anaondoka saa kumi alfajiri bila kutia kitu mdomoni, na kichwani ana ile imani kwamba dawa hizi lazima mtu awe ameshiba, basi ataahirisha kila siku. Dawa hii humezwa hata tumbo likiwa tupu. Tena muulize kama ana kiungulia, maana watu wa barabarani wanakula ovyo na wanatafuna vidonge vya tumbo kama pipi. Vile vyenye magneziamu au alumini huizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Ameze dawa yake masaa mawili kabla ya hivyo, au masaa sita baada ya hivyo. Mtu anaweza asikose hata siku moja na bado majibu yakawa mabaya kwa jambo hilo tu.

Kwa nini tunahangaika hivi? Dawa haimalizi virusi vyote. Vingine vimelala ndani ya chembe za kinga, na dawa ikipungua kwenye damu vinaamka na kuzaliana. Hapo, vile vilivyobadilika kidogo na kuihimili dawa ndivyo vinavyosalia na kuongezeka, na huo ndio usugu. Akisahau, ameze mara anapokumbuka. Kama muda wa kidonge kinachofuata umeshakaribia, aendelee na hicho, asimeze viwili kwa pamoja.

Kliniki watamshauri kwa miezi kama mitatu, kisha watampima tena. Bado vikiwa juu ya 1,000 katika mililita moja ya damu, ndipo watafikiria dawa nyingine. Asikate tamaa. Virusi vikishuka hadi kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, hatamwambukiza mkewe kwa kujamiiana. Shemeji analijua hilo? Huenda ule ukimya wake ni hofu.

Mama mwache aombe, hakuna ubaya. Ila unakumbuka mwaka 2011, watu walivyomiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu? Wapo walioziweka dawa chini wakiamini wamepona, na wengine walirudi hospitali wakiwa wamebebwa. Mwambie mama kwa upole kwamba maombi na vidonge vinakaa nyumba moja.

Na wewe, tafadhali, usimpekue begi wala kumhesabia vidonge. Mtafutieni mahali pa kudumu pa kuweka dawa akiwa nyumbani, na safarini aweke kengele ya simu isiyotaja kitu. Popote aendapo awe na kadi yake ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, ili dawa zikimwishia njiani aingie kliniki iliyo karibu.

Mwisho wa mwezi ninakuja Dodoma mjini. Kama basi lake litakuwa limelala hapo, mwambie anisubiri. Nitaongea naye peke yake. Wewe na mama mtatuachia sebule.

Rafiki yako akupendaye