Karate si urithi wa samurai: tumtaje Itosu wa Okinawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja lililochapishwa katika kurasa zenu za michezo, kwamba karate ni urithi wa samurai wa Japani. Mwandishi wenu hakukosea peke yake, maana hata katika dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, maneno hayo hurudiwa bila mtu kuuliza. Karate ilikulia Okinawa, kisiwa kikuu cha Ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na mfalme wake, lugha yake na biashara yake na China, hadi Japani ilipoufuta mwaka 1879 na kuugeuza mkoa. Na aliyeitoa sanaa hiyo uani akaiingiza darasani alikuwa mtu wa ufalme huo, Itosu Anko, mzaliwa wa Shuri, mji mkuu wake, mwaka 1831.

Itosu alikuwa karani katika utawala wa mfalme wa mwisho, Sho Tai, na alifundishwa na Matsumura Sokon, mlinzi wa wafalme, enzi ambazo mwanafunzi angeweza kukaa miaka na kata moja tu, yaani mfululizo mmoja wa mapigo na kinga uliopangwa. Ufalme ulipoanguka, watu wa tabaka lake walibaki bila wa kumtumikia, na ujuzi wao ungeweza kuzikwa pamoja nao. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, akaanza kuufundisha katika shule ya msingi ya Shuri, na mwaka 1905 katika shule ya sekondari ya mkoa.

Darasa zima la watoto halifundishwi kama mwanafunzi mmoja aliyekuja kwa mwalimu usiku. Kwa hiyo alitunga kata 5 fupi, akaziita Pinan, neno ambalo kwa maandishi yao ni amani na utulivu. Wanafunzi wengi mno wamezipitia bila kujua zilikotoka: unageuka kushoto, unashusha mkono kukinga teke, unapiga hatua na kutupa ngumi. Watu wa mtindo wa Shotokan huziita Heian, kwa sababu Funakoshi Gichin, mwanafunzi wa Itosu aliyeonyesha karate Tokyo mwaka 1922, alizipa matamshi ya Kijapani na kuzibadilishia nafasi zile mbili za mwanzo. Nimewahi kuwaona vijana wawili wa mitindo tofauti wakibishana vikali, mmoja akisema hii ndiyo kata ya kwanza na mwenzake akisema ni ya pili, na wote wawili walikuwa sahihi.

Oktoba 1908 Itosu aliwaandikia wakuu wa elimu waraka wenye mambo 10. Humo anasema waziwazi kwamba karate haikutokana na Ubudha wala Ukonfusio, anaonya isitumiwe ovyo dhidi ya mhuni wa njiani, kisha anashuka hadi kwenye makiwara, ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba ya majani makavu, ambao anataka upigwe mara 100 hadi 200. Aliyewahi kuupiga anajua kwamba kabla ya kufika 50 vifundo vya vidole viwili vya mbele vimeshaanza kuwaka na bega linataka kupanda lenyewe. Waraka huo pia unaliahidi jeshi vijana imara, miaka 3 tu baada ya vita vya Japani na Urusi kumalizika. Hilo halinipendezi, lakini sioni mlango mwingine ambao mzee yule angepitia kwa watawala wa wakati ule.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliigeuza karate kuwa mazoezi ya viungo na kuyafunika mapigo ya hatari yaliyokuwamo. Lawama hiyo ina uzito, ingawa wanaoitoa wengi wao wamefikiwa na karate kupitia wanafunzi wake.

Hata jina lina historia yake. Zamani liliandikwa kwa herufi za «mkono wa China». Mwanafunzi wa Itosu, Hanashiro Chomo, aliandika «mkono mtupu» mwaka 1905, na mwaka 1936 walimu waliokutana Naha, huko huko Okinawa, wakauafiki mwandiko huo. Mkutano huo, Ndugu Mhariri, uliitishwa na gazeti, Ryukyu Shimpo.

Itosu alifariki mwaka 1915. Mwanafunzi wake mwingine, Mabuni Kenwa, aliuita mtindo wake Shito-ryu kwa kuunganisha herufi za majina ya walimu wake wawili, Itosu na Higaonna; ile «Shi» ni Itosu, kwa matamshi mengine ya herufi yake. Mtindo huo huonekana mara kwa mara katika matokeo ya mashindano mnayoyachapisha, nami naomba masahihisho haya yawekwe katika ukurasa uleule wa michezo.

Wako,
Msomaji na mwanafunzi wa karate