Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Kaunti ya Mombasa: wageni waone mji kutoka majini

Mheshimiwa,

Salamu za heri kutoka Kibokoni. Mimi ni mtembeza wageni katika Mji wa Kale. Neno la Kiingereza la kazi hii silipendi, maana likitamkwa haraka linaangukia karibu na "gaidi", na hilo si neno la kuchezea mbele ya askari. Nakuandikia kwa jambo moja tu, ila nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia, kama ninavyowazungusha wageni wangu.

Mgeni wa kawaida huionaje Mombasa? Akitoka Nairobi kwa treni anashuka Miritini, anaingia kwenye matatu, anavuka daraja la Makupa bila kujua amevuka nini. Anapiga picha chini ya zile pembe za alumini za Moi Avenue (sina neno nazo). Kisha anapelekwa Ngomeni, Fort Jesus, anazunguka saa moja, basi la hoteli linapiga honi na safari ya ufuo wa Nyali au Bamburi inaanza. Wapo wanaorudi makwao bila kujua kwamba mchana kutwa walikuwa kisiwani.

Nao mji huu, Mheshimiwa, uso wake uko baharini. Ukiingilia barabarani umeingilia uani. Waliouweka walifika kwa vyombo, na riziki yao ilifika kwa vyombo: kaskazi ikileta majahazi ya Arabuni na Ghuba yenye tende na mazulia, kusi ikiyarudisha na boriti za mikoko. Bandari ya Kilindini ilipokuzwa baada ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zilihamia upande wa pili wa kisiwa, na Bandari ya Kale ikabaki na majahazi yake na paka wake. Tangu hapo tumewazoesha wageni kuja kwa mlango wa nyuma.

Niliyajua haya kwa akili tu mpaka mtoto mmoja aliponifunza. Ilikuwa familia ya watu wanne kutoka bara, na binti wao alikuwa na miaka tisa hivi. Juu ya ngome, karibu na mizinga, nikatoa maneno yangu ya kila siku: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, Waingereza wakaja kuifanya jela, na mwaka 2011 UNESCO wakaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Binti akauliza, adui alikuwa akitokea wapi? Nikamwonyesha bahari. Akaitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa ukuta. Nikaona hajaelewa kitu, na wazazi wake pia, isipokuwa wao walikuwa watu wazima na wakatikisa kichwa.

Nina binamu mvuvi mwenye mashua. Nikampigia simu, tukashuka ngazi. Akatutoa polepole, mashine ikiunguruma chini chini, na tulipofika chini ya ngome akaizima. Kutoka pale ukuta hauna mwanzo. Mwamba wa matumbawe unapanda kutoka majini, mweusi, umejaa chaza, na kabla hujajua mwamba umeishia wapi, tayari unatazama jiwe lililopangwa kwa mkono. Binti aliinua shingo, akanyamaza, kisha akajisogeza kwenye magoti ya mama yake. "Sasa wao ndio wanatuona," akasema.

Hapo ndipo nilipowasimulia jinsi Waomani walivyoizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi nikiwa uani, wageni wakipepea kofia zao. Majini ilikuwa hadithi nyingine. Unawaonyesha njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini, na wanajua wenyewe chakula kingepitia wapi na nani angekizuia. Unawaambia kwamba mahali hapahapa, mwaka 1697, ilizama merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliyokuja wakati wa vita hivyo, na kwamba katika miaka ya 1970 wapiga mbizi waliichunguza na kutoa vitu vilivyomo sasa katika makumbusho ya ngome. Baba mtu akachungulia maji kana kwamba ataona mlingoti.

Tuliporudi, mji ukawa mbele yetu wote: madirisha yenye roshani, nyumba zikiegemeana, na ule mnara wa Msikiti wa Mandhry uliochongoka, msikiti unaosemekana kuwa tangu mwaka 1570. Kuna na ngazi za Leven, zenye jina la manowari ya Kapteni Owen, aliyetia nanga hapa mwaka 1824 na kupandisha bendera ya Kiingereza iliyodumu miaka miwili tu. Walipopanda barabara ya Ndia Kuu baadaye, kila kitu walikuwa wameshakiona uso, wakawa wanakitafuta mgongo. Walikaa barazani kunywa kahawa tungu na kashata hadi maghribi. Basi hawakulikumbuka.

Sasa nifike ninapokwenda. Siku ile haikuwa nzuri yote. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, nasi tulishuka saa nne asubuhi, saa ambayo basi za hoteli huleta watu, na saa ambayo siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa. Ngazi tulizoshukia sitazitaja. Vidato vya chini vilikuwa na ukoga, kishikio hakuna. Mama wa yule binti aliteleza, akakaa kitako kwenye jiwe, na simu yake ikaenda kuungana na merikebu ya Wareno. Alicheka, Mungu ambariki. Mwingine angetushtaki, na angekuwa na haki. Ndani ya mashua jaketi okozi zilikuwa mbili, na sisi pamoja na nahodha tulikuwa sita. Hilo ni kosa langu na la binamu yangu, naliandika hapa kwa aibu.

Ninachoomba ni kituo kimoja cha mashua upande wa Mji wa Kale, kilicho halali na safi. Ngazi zisuguliwe, ziwekwe kishikio cha chuma kisichokula kutu upesi. Jaketi za kutosha, za watoto zikiwemo. Ubao wa bei, maana leo kila nahodha ana bei yake na mwenye kamera kubwa hutajiwa bei kubwa. Na kando ya bei kuwe na ubao wa maji: leo yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Wavuvi wanayajua haya kwa kutazama mwezi. Wenye hoteli wakiyajua, watapanga basi zao: siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, waje asubuhi, jua likiwa usoni pa nyumba, siku za bamvua waje alasiri, maji yakiwa yamesharudi. Na mkondo wa kusi ukichafuka, kituo kifungwe bila kubishana.

Najua utaambiwa bahari si ya kaunti. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na vyombo vina mamlaka yake. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti utalii wa mahali na vivuko na bandari ndogo, na wewe ndiwe unayeweza kuwaita hao wote katika meza moja. Majahazi ya chakula cha usiku tunayo, yana taa na muziki, yaendelee. Lakini usiku huwezi kuuona mwamba.

Wiki ya maji mafu ijayo nitakuwa bandarini kuanzia saa tatu asubuhi. Binamu yangu ameshanunua jaketi nne zaidi. Njoo, Mheshimiwa, na uvae viatu usivyoogopa kulowesha.

Wako mtiifu,
Mtembeza wageni, Kibokoni