Anayechora na ajenge mwenyewe

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi wa Kariobangi, mwiko nimeushika tangu 1994. Mwaka juzi nilipata kibarua kwenye madarasa ya shule moja ya umma huku Eastlands. Tulipochimba msingi tukakuta udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha, ilhali ramani ilichorwa kana kwamba chini kuna mwamba. Mwanakandarasi akasema kosa ni la mchoraji. Mchoraji akasema yeye alishamaliza kazi yake. Wiki saba tukawa tunakunywa chai ya mkopo, kisha ikaombwa nyongeza ya bei.

Ndiyo zabuni tuliyoizoea: huyu anachora, yule mwenye bei ya chini anajenga. Mbona kampuni moja isichore na kujenga kwa mkataba mmoja, lawama ikose pa kukimbilia? Barabara ya Expressway hapa Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikwenda mbali zaidi: kampuni ya Kichina ilitia pesa, ikajenga, na sasa gharama inarudishwa kwa ada ya magari. (Mimi hupita barabara ya chini yake, ada siiwezi.)

Ila mikataba hiyo tuonyeshwe kabla ya kutiwa sahihi. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, uwazi na ushindani. Na udongo upimwe kwanza. Shimo la mita mbili vijana wawili hulichimba kwa siku moja.

Fundi mwashi,
Kariobangi, Nairobi