Bei ya mgeni

Sahib yangu wa Maskati,

Assalaam alaykum. Huku wazima wote alhamdulillah, bimkubwa anakusalimia sana na anasema ile halua ulompa shangazi alete ishakwisha, na usiulize nani kaimaliza.

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unanicheka ati gemu lenyewe rial chache tu, nunua tucheze, wee bahili tangu chuoni kwa maalim. Bahili mie! Basi leo kaa kitako nikuandikie kwa kirefu, maana nikianza kukujibu kwa voisi bando litakwisha na hasira hazijesha.

Ukweli ni kwamba mie na wewe hatuingii duka moja. Tunaona picha zile zile, gemu lile lile, lakini wewe ukifungua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, ukiwa Oman na mie nkifungua nkiwa Unguja tunatajiwa bei mbali mbali. Novemba 2023 wenye Steam walifuta lira ya Uturuki na peso ya Argentina, sababu pesa zile zilikuwa zinaporomoka kila kukicha na watu wa nchi nyengine walikuwa wanahamishia akaunti zao kule kwa ajili ya urahisi wa bei, wakaweka dola nchi zote mbili ila ikawa dola ya mafungu. Pana fungu la Amerika ya Kati na ya Kusini na pana fungu la Mashariki ya Kati na Afrika ya kaskazini, na haya mafungu yana bei elekezi ya chini kuliko ya Marekani. Oman mumo, pamoja na Uturuki, Misri, Morocco, Sudan, Yemen. Pakistani na Bangladeshi nao wana fungu lao. Afrika Kusini wana randi yao. Sasa ntafute mie niko fungu gani. Sipo! Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, sote tunasomewa dola nzima nzima ya Marekani, kama vile tunaishi New York na tunapanda treni ya chini ya ardhi kwenda kazini.

Najua utanambia bei anapanga mwenye gemu, Steam wanampa pendekezo tu. Kweli, na wengine hawafuati hilo pendekezo hata kwenu huko. Lakini mwenye gemu anaekaa ofisini kwake anaona orodha ya mafungu na anajaza, na kwenye ile orodha sie hatuna pa kujazwa, tunaingia kwenye wengineo na wengineo ni bei ya Mmarekani.

Hebu piga hesabu na mie kidogo. Gemu kubwa ni dola 60, skuizi mengine yamefika 70. Marekani kima cha chini cha serikali yao kuu ni dola 7.25 kwa saa, tokea 2009 hakijapanda, kwa hiyo hata yule maskini wao kabisa anaefagia duka akifanya kazi siku moja na kitu kidogo gemu kapata. Haya njoo Bara, serikali imepandisha kima cha chini cha watumishi wake Julai 2025 kikafika shilingi 500,000 kwa mwezi, watu wakapiga vigelegele. Dola 60 kwa dola ya shilingi 2,500 hivi ni 150,000. Karibu theluthi ya mshahara wa mwezi! Na huyo ni mtumishi wa serikali, muuza urojo simtaji. Na nyie huko, kima cha chini cha raia kwenye makampuni ni rial 325, ambayo ni kama dola 845 kwa vile rial yenu imefungwa na dola tokea enzi zile. Yaani alokuwa na dola 845 anapunguziwa na alokuwa na dola 200 analipa kamili. Sikuonei choyo wallahi, kula raha yako, lakini usinite bahili.

Kinachonichekesha ni kuwa haya mambo ya bei mbili sie hapa tunayajua sana, tena tumeyazoea toka udogoni. Boti ya kwenda Dar mtalii anakatiwa tiketi kwa bei ya mgeni, mie ya mwenyeji na napata pungufu. Serengeti mgeni kutoka nje analipa zaidi ya dola 60 kwa siku, sie wa Afrika Mashariki shilingi 10,000 na VAT yake. Mie mwenyewe mzungu wa Nungwi akitaka picha za harusi ufukweni namtajia bei ambayo bwana harusi wa Miembeni akiisikia atazimia. Na hakuna anaelalamika, maana kila mtu anaelewa, mgeni kaja na pesa zake na mwenyeji ana maisha yake. Sasa intaneti imepindua. Kule mie ndo mgeni. Sina kitu mfukoni na nasomewa bei ya mtalii, na hata kupatana hupatani, utapatana na nani?

Tena usidhani haiwezekani. Spotify, wale wa muziki wa mtandaoni, walipoingia Kenya Februari 2021 waliweka shilingi 299 za Kenya kwa mwezi na M-Pesa unalipia, wakati Marekani ilikuwa dola 9.99. Hiyo 299 haifiki hata dola 3. Mwanzoni mwa 2023 Netflix nao wakashusha bei nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwemo. Wangekuwa wanakula hasara wasingefanya. Muziki ukishatengenezwa kumsikilizisha mtu wa Mombasa hakuongezi gharama ya maana, na programu ni hivyo hivyo, haipakiwi kontena wala haisubiri meli. Ni mtu tu kukaa akasema hawa nao ni watu, tuwawekee bei yao.

Nakuja kwenye yanayonikereketa khasa, maana gemu mwisho wa yote ni mchezo. Kazi yangu ndo hizi picha, kadi za harusi na mabango, na programu zenyewe skuizi hazinunuliwi mara moja ukakaa nazo, unalipa kila mwezi kama kodi ya nyumba. Mwezi wa harusi nyingi sawa. Mfungo mosi mpaka Ramadhani ikaribie sijui nalipa vipi, nkisimamisha malipo, faili zangu za miaka zinanitizama tu. Unakumbuka yale maduka ya Darajani tulokuwa tunanunua sidii zilizochomwa, Windows na Photoshop zote buku mbili? Tuseme kweli, kraki, yaani programu za wizi zilovunjwa kufuli, ndo iloniweka mjini. Asingekuwa yule bwana wa sidii mie leo ningekuwa nauza dagaa, na dagaa halina ubaya, lakini ndo hivyo. Na kraki hiyo hiyo mwaka juzi ikaniingizia kirusi kikafunga kompyuta nzima, picha za harusi ya watu zikenda. Bibi harusi alilia mbele yangu. Nlirejesha pesa zote na bado nkipita ule mtaa najifanya naongea na simu. Tokea siku hiyo nalipa halali, na kila mwezi kadi ikikatwa nasikia kama nimeng'olewa jino. Juu yake VAT pia, maana Bara tokea Julai 2022 huduma za mtandaoni za makampuni ya nje zimeingizwa humo, Wakenya tokea 2021. Kwa hiyo bei ya Marekani, halafu kodi ya kwetu juu.

Hata wenye nazo walishalia, usione mie mlalamishi peke yangu. Waustralia walikuwa wanauziwa programu bei ya kutisha mpaka bunge lao likaita Adobe, Apple na Microsoft Machi 2013 waje kujieleza. Chama chao cha walaji kilionyesha programu moja ya Microsoft imezidi bei ya Marekani kwa zaidi ya dola 8,000, yaani ungeweza kumpandisha mtu ndege akainunue Marekani akarudi, mara mbili, na chenji ikabaki. Na Ulaya, Januari 2021 Valve wenye Steam pamoja na wachapishaji watano walitozwa faini ya jumla ya yuro milioni 7.8, kwa kuwa funguo za magemu, zile namba za kufungulia gemu ulonunua, za nchi kama Poland na Hungary, zenye bei rahisi, zilizuiwa zisifanye kazi nchi nyengine za Ulaya. Waone. Wao wenyewe wanahamisha kazi kwenda kwenye vibarua rahisi, lakini mnunuzi akifuata bei rahisi mlango unafungwa. Na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki sijasikia imemwita mtu kumuuliza kitu.

Ila na sie tusijitoe. Mwaka 2021 Bara walisamehe VAT kwenye simu janja ili bei ishuke, wewe si ulikuwepo, uliona imeshuka? Bei ilikaa pale pale, mwaka wa pili serikali ikaurudisha ushuru wake kwa kuwa msamaha haukumfikia mnunuzi. Kati kati hapo nani kala, Mungu anajua na wafanyabiashara wanajua. Na mjomba je na tivii yake! Kainunua hapa Unguja, kaivusha kwenda Dar kwa mwanawe, pale bandarini akaambiwa alipe tofauti ya ushuru. Nchi moja, bendera moja, tivii moja. Mpaka leo ukimtajia Muungano anaanza na tivii.

Utanambia basi nikununulie mie nikutumie zawadi. Nilishafikiria kabla yako sheikh. Steam hawakubali, bei za nchi mbili zikiachana sana zawadi haipiti. Na kubadilisha nchi ya akaunti lazima ulipe kwa kadi ya hiyo nchi, wamefunga kila tundu. Kuna kijana hapa mtaani anauza funguo za mitandaoni bei poa, nlinunua moja ikafanya kazi wiki mbili halafu ikafutwa, kijana namba hapokei.

Kwa hiyo nlivoamua ni hivi. Umesema unakuja Sikukuu. Njoo na laptopu yako na lile gemu lako la bei ya kheri, na ile padi ya pili usiisahau, mie ntatoa baraza, kivuli cha mwembe na umeme kama utakuwepo. Nkikufunga mabao usiseme kompyuta ilikuwa inakwama. Na bimkubwa kasema halua ya safari hii iwe ile yenye lozi nyingi, na umkabidhi yeye mkononi, usimpe shangazi.

Wasalimie wote huko.

Mie nduguyo,
Yule yule bahili wa Miembeni