Msiwalaumu waigizaji, tumewanyima majina yao

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi, hata likiwa limefungia mandazi, na sijawahi kukuandikia. Lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu nyota wa runinga "waliozimika" imenichokoza. Eti walilewa sifa wakasahau akiba. Akiba gani, na mtu analipwa kwa kipindi? Mwezi usiorekodiwa hauna hata shilingi.

Mimi ni fundi wa nguo. Kuna mwigizaji aliyecheza mlevi katika kipindi kimoja miaka kumi na mmoja. Siku moja, kipindi kikiwa kimeshakatwa, aliniletea suti ya mtumba nimpunguzie suruali kiunoni. Kesho yake alikuwa aende kujaribiwa nafasi ya mchungaji. Sijamaliza kumpima, mlango umejaa: watu wa bodaboda, mama mboga, wanafunzi. "Hebu tulewee kidogo!" Akapepesuka, wakacheka, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza jina lake. Nami, nakiri, nilicheka na pini mdomoni. Aliporudi akaniambia hakufika hata katikati ya mahubiri, waliokaa mezani walikuwa hoi kwa kicheko. Wakamwambia uso wake umeshatumika. Umeshatumika! Kama vocha ya simu! Miaka yote ile mkataba ulimkataza kuonekana stesheni nyingine, na sasa stesheni zote zinamwambia ameonekana mno. Wakati huo marudio yake yanaonyeshwa saa nane mchana, matangazo ya sabuni katikati, naye anamkwepa mwenye nyumba.

Na nyinyi magazeti msijitoe. Benson Wanjau alipofariki Julai 2015, ni wangapi walijua nani amekufa kabla ya kusoma "Mzee Ojwang'", jina la mhusika wake? Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Mluo katika Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, kwa miongo kadhaa, tukaamini. Mtu wa kipaji hicho angecheza hakimu, mganga, hata askofu. Sisi tulimtaka Ojwang' tu.

Halafu jioni, saa ambazo nyumba nzima iko mbele ya runinga, tunaletewa Wamexico wanaolia kwa Kiingereza cha kubandikwa, midomo ikienda huku na maneno kule. Mke wangu anawajua mpaka wakwe zao. Hao hakuna anayewaambia nyuso zimetumika.

Pendekezo langu: kila marudio yakionyeshwa, mwigizaji atumiwe kwa M-Pesa bei ya kilo mbili za sukari kabla muziki wa mwisho haujaisha. Nawe Mhariri, chini ya picha anza na jina alilopewa na mamake. La mhusika lifuate kwa herufi ndogo.

Suruali ile aliiacha dukani. Kiuno inchi 34, imepigwa pasi. Mwenye nafasi ya mchungaji apite aulize.

Fundi wa nguo,
Kawangware, Nairobi