Uhakiki wa Mizani kwa Wavuvi Wanaodai Rekodi za Samaki wa Maji Baridi

Wateja wengi hutufikia wakiwa na picha ya samaki mkubwa mkononi na swali moja tu: je, uzito huu utakubaliwa? Mara nyingi jibu limekwisha kuamuliwa na mambo yaliyofanyika, au yaliyoachwa, kabla samaki hajaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani. Karakana yetu hupima na kuhakiki mizani za kuning'iniza, na huwasaidia wavuvi kuandaa hati za madai ya rekodi, kwa hiyo tunaona kwa karibu namna samaki wa kweli, aliyevuliwa kwa haki, anavyokosa kuingia katika orodha kwa sababu tu uzito wake hauwezi kuthibitishwa.

Tofauti zinazoamua mambo haya ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 2 Juni 1932, mvuvi George Perry alivua bas mdomo-mkubwa (samaki wa maji baridi) wa kilo 10.09 katika Ziwa Montgomery, jimbo la Georgia, Marekani. Tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alivua samaki wa aina hiyo hiyo katika Ziwa Biwa, Japani, na mizani ikaonyesha kilo 10.12. Aliyezitazama namba hizo kwa haraka angesema Perry amepitwa. Hata hivyo IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa burudani, hutaka samaki aliye chini ya kilo 11.33 aizidi rekodi iliyopo kwa takriban gramu 57 au zaidi, na hapa tofauti ilikuwa kama gramu 28 tu, hivyo wawili hao wakatambuliwa kuwa sare. Kwa samaki wakubwa zaidi ya hapo, ziada inayotakiwa ni nusu ya asilimia moja ya uzito wa rekodi. Kwa mfano, rekodi ya sangara wa kilo 104.32 aliyevuliwa katika Ziwa Nasser, Misri, mwezi Desemba 2000, ingehitaji mpinzani wa kilo 104.84 au zaidi.

Sasa chukua mizani yenye mistari ya nusu kilo. Kanuni hairuhusu kukisia uzito ulio kati ya mstari na mstari. Husomwa mstari wa chini. Samaki ambaye uzito wake halisi ni kilo 104.9 ataandikwa kilo 104.5, na juhudi yote itaishia hapo. Ndiyo maana, kabla hata ya kuuliza kama mizani ni sahihi, tunamwuliza mteja anatarajia kuvua samaki wa ukubwa gani. Mizani ya kilo 150 ikitumika kupima samaki wa kilo nne haitampa mvuvi huyo haki yake, hata ikiwa na cheti kizuri kiasi gani.

Tukiipokea mizani, tunaipakia mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana, tukianzia sifuri na kupanda hatua kwa hatua hadi karibu na kikomo chake, kisha tunashuka kwa hatua zile zile. Kushuka huku hurukwa na mafundi wengi wenye haraka, ilhali ndiko kunakofichua springi iliyochoka, kwa maana springi ya namna hiyo hutoa namba moja wakati wa kupanda na nyingine wakati wa kushuka. Cheti tunachotoa huonyesha namba ya utambulisho ya mizani, tarehe ya uhakiki na kosa lililoonekana katika kila hatua. IGFA hutaka uhakiki huo uwe umefanyika ndani ya miezi 12 kabla ya samaki kupimwa.

Kuna jambo moja la kifizikia ambalo wateja hulipokea kwa mashaka mpaka tuwaonyeshe hesabu. Mizani ya springi, na ile ya kielektroniki pia, hupima nguvu ambayo dunia inamvuta nayo samaki, na nguvu hiyo hailingani kila mahali: mchapuko wa mvutano, yaani namna kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ni takriban 9.78 kwenye Ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Tofauti hiyo ni kama nusu ya asilimia, yaani inakaribia kabisa ziada inayotakiwa ili kuvunja rekodi ya samaki mkubwa. Mizani iliyorekebishwa katika nchi ya kaskazini ya mbali, kisha ikatumika karibu na Ikweta bila kuhakikiwa upya, itampunja mvuvi. Ikisafiri kuelekea upande wa pili, itampa asichostahili. Kwa hiyo, wakati wowote inapowezekana, ihakiki mizani yako katika eneo utakalovulia.

Yawezekana samaki akaja wakati mizani haina cheti kilicho hai. Bado hujapoteza kila kitu, ila usiiguse. Usiifungue, usiirekebishe, usimpe fundi akusaidie kuirudisha kwenye sifuri. Kanuni inakubali mizani ihakikiwe haraka iwezekanavyo baada ya tukio, kwa sharti kwamba ripoti ionyeshe hali yake kabla ya marekebisho yoyote. Mteja anayeituma kwetu ikiwa imekwisha kutengenezwa anatuachia chombo kizuri kisichoweza kusema lolote kuhusu siku ile.

Upimaji wenyewe hufanyika nchi kavu. Chombo kinachoyumba juu ya maji huifanya namba ipande na kushuka, na uzito uliosomwa ndani yake haupokelewi. Samaki akipimwa ndani ya machela au wavu, kifaa hicho kinapimwa peke yake kikiwa kimelowa vile vile, kisha uzito wake unatolewa. Piga picha ya samaki mzima kwa urefu wake wote, ya mvuvi akiwa naye, ya fimbo na rili iliyotumika, na ya mizani yenyewe. Mashahidi ni wa lazima kwa akili ya kawaida, na tunashauri angalau mmoja wao asiwe ndugu wala rafiki wa mvuvi. Kumbuka pia kwamba mtu mwingine akigusa fimbo wakati samaki anapambana, dai linakufa papo hapo, ingawa kusaidia kwa wavu mwishoni kunaruhusiwa. Hifadhi chango chote, yaani kamba fupi ya mwisho inayofungwa ndoana, na kipande cha mshipi kilichounganishwa nacho, chenye urefu wa mita 15.24, kwa sababu mshipi nao hupimwa nguvu, na ukionekana kuwa imara kuliko daraja la nguvu ya mshipi unalodai, utapandishwa daraja la juu ambako huenda rekodi ni kubwa kuliko samaki wako.

Wengine hutuletea vipimo vya utepe peke yake. Iko kanuni maarufu ya kuzidisha urefu kwa mzingo wa kiwiliwili mara mbili, kisha kugawanya kwa 800, kwa inchi na pauni. Kwa sentimita na kilo, mgawanyo huwa karibu 28,900. Inafaa kwa mazungumzo ya jioni. Kwa kuwa mzingo unazidishwa kwa wenyewe, kosa la asilimia tatu kwenye utepe huwa kosa la asilimia sita hivi kwenye uzito, na hakuna mtunza rekodi atakayekubali hilo. Tunaitumia kwa kazi moja tu, kuona kama namba ya mizani ina mantiki.

Ukaguzi wa samaki mwenyewe nao usikwepwe. Aina zinazofanana, na machotara wao, hutofautishwa kwa kuhesabu miiba ya mapezi na magamba, kazi ya mtaalamu wa samaki. Tumbo nalo huleta maneno. Mwezi Septemba 2022, katika mashindano yaliyofanyika Cleveland, Marekani, samaki waliopasuliwa hadharani walikutwa na vipande vizito vya madini ya risasi ndani yao, na wahusika wakaishia mahakamani. Upande wa pili upo mkasa wa David Hayes, aliyevua bas mdomo-mdogo wa karibu kilo 5.4 katika Ziwa Dale Hollow, Marekani, mwaka 1955: madai kwamba samaki wake alijazwa vitu vizito yaliifuta rekodi hiyo mwaka 1996, na IGFA ikaja kuirejesha miaka kadhaa baadaye baada ya kuchunguza upya. Mvuvi mwaminifu ana faida zaidi kuliko mtu yeyote katika kuomba samaki akaguliwe mbele ya mashahidi.

Hatumsukumi mteja amuue samaki kwa ajili ya cheti. Tangu mwaka 2011 IGFA ina rekodi za urefu kwa samaki wanaopimwa kwenye ubao wake rasmi na kurudishwa majini wakiwa hai, na kwa aina zilizo hatarini tunaiona njia hii kuwa bora. Uzito pia unaweza kuchukuliwa kwa samaki hai, ila kwa maandalizi: mwezi Juni 2022 taa wa kilo 300 alipimwa katika mto Mekong, Kambodia, akawekewa kifaa cha kumfuatilia, akaachiwa. Wavuvi wa kule waliwaita watafiti, nao wakaja na vifaa vyao. Mvuvi aliye peke yake na mizani ya mfukoni asijaribu jambo hilo.

Dai kwa IGFA huwasilishwa ndani ya siku 60 kwa samaki aliyevuliwa Marekani, na siku 90 kwa kwingineko. Kwa hiyo tuletee mizani katika wiki ile ile, pamoja na machela uliyotumia, betri zikiwa bado ndani na picha zikiwa hazijahaririwa. Tutakupa cheti, jedwali la makosa, na maelezo ya maandishi kama uzito wako, baada ya kuondoa kosa la mizani, unavuka kiwango kinachotakiwa. Usipovuka, tutakuambia kabla hujalipia ombi.