Jirani anatutukana na mimi njo namchotea maji, nifanye nini?

Shalom wapendwa,

Naandika toka Goma, Majengo. Niko mama wa watoto wanne, kuna jambo linanikula roho, naomba musinijibu tu "omba sana mama" kwa sababu kuomba naomba.

Mu parseli yetu tuko familia tatu na robine moja ya maji. Jirani yangu, mama mwenye ananizidi umri, hatupendi toka 2021. Mnakumbuka volkano ilitoka tarehe 22 mwezi wa tano, na tarehe 27 asubuhi wakatuambia kartie zetu, ni kusema mitaa yetu, tuondoke, tukashika barabara ya Sake kwa miguu, watu kama siafu. Mtoto wake wa mwisho nilimbeba mimi mgongoni, wangu akatembea. Kurudi tukakuta mlango wake umevunjwa, radio na sufuria hakuna, akaanza kusema eti bwana yangu njo alirudi nyuma akaiba, na bwana yangu alikuwa Sake na sisi siku zote. Toka hapo ni maneno ya robine kila asubuhi, maji ya kufulia anamwaga mbele ya mlango wangu, watoto wangu anawaita watoto wa mwizi.

Mwezi uliopita akateleza na bidoni kwenye yale mawe meusi ya volkano, mguu ukavunjika. Bwana yake yuko mbali kwenye machimbo. Nikaona yule mtoto, yule yule wa mgongo wangu, anakokota bidoni ya litre 20, kifuniko kimetoka, maji yote yanaishia njiani. Nikaichukua. Toka siku hiyo namchotea bidoni mbili, na Jumamosi namfulia.

Sitadanganya, siku za kwanza nilikuwa na Warumi 12:20 kichwani, ile ya kumlisha na kumnywesha adui yako, ukifanya hivyo unampalia makaa ya moto kichwani, na niliyapenda yale makaa, nilitaka aone haya. Huruma ya kweli ilikuja nyuma, nilipouona mguu ulivyovimba.

Sasa juzi natundika shuka lake kwenye kamba nikamsikia ndani anaambia mgeni: "Acha afue, wizi wa bwana yake njo unamfulisha." Shuka bado mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Nikalitundika, nikabana vibanio, nikaingia kwangu kulia.

Bwana yangu anasema basi, kila bidoni ninayopeleka ni kama tunakubali tuliiba. Mama mmoja wa kanisani ananiambia Yesu aliosha miguu ya wote na Yuda akiwemo, na alijua atamsaliti. Ni kweli, Yohana 13 iko wazi. Lakini Mathayo 18:15 pia ni Yesu anasema, ndugu akikukosea enda umwonye mkiwa wawili peke yenu, na mimi miaka yote hii sijamwambia uso kwa uso kwamba anatusingizia. Nikimwambia akiwa amelala pale naogopa ataona namlipisha maji.

Niongee naye sasa ama ningoje apone? Na nianzie wapi, maana ni mkubwa wangu, na mkubwa hauendi kumwambia hivi hivi tu. Binti yangu wa miaka 14 naye ananiuliza mbona unamtumikia mwenye anatukana papa, na sijapata cha kumjibu.

Wenye mulipitia hii munisaidie. Kesho maji ikitoka nitachota zake mbili kama kawaida.

Mama wa Majengo